Nani aliyetupa desimali? Al-Kashi wa Samarkand, na wenzake wawili

Swali: Mimi ni mwalimu wa hisabati sekondari. Kitabu ninachotumia kinasema desimali zilianzishwa na Simon Stevin mwaka 1585. Mwenzangu ana kitabu kinachosema aliyezianzisha ni Mwajemi, al-Kashi, zaidi ya miaka 150 kabla ya hapo. Wanafunzi wananiuliza yupi ni wa kweli. Tena wameniuliza jambo lililonishinda: kama Wahindi na Waarabu walikuwa na tarakimu hizi kuanzia 0 hadi 9 tangu zamani, kwa nini hawakuandika desimali siku ileile?

Jibu:

Mwalimu, nianze na lile la majina, kwa sababu jibu lake ni fupi. Mtu wa kwanza tunayemjua kuandika sehemu za desimali si Stevin wala al-Kashi. Ni Abu al-Hasan al-Uqlidisi, aliyeandika kitabu chake cha hesabu Damascus mwaka wa 341 wa Hijria, yaani 952 au 953. Al-Kashi alikuja karibu miaka 500 baadaye. Stevin akaja miaka 158 baada ya kitabu kikuu cha al-Kashi. Kila mmoja alifanya kitu tofauti na mwenzake, na ukiuliza ni nani aliyezifanya desimali kuwa mfumo kamili wa namba, wenye kanuni zake za kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na kutafuta kipeuo, mimi nitamtaja al-Kashi bila kusita.

Swali la wanafunzi wako ni gumu zaidi, na ndilo zuri zaidi. Tuanze nalo, maana bila kulielewa huwezi kuona ukubwa wa alichofanya huyu bwana.

Katika nchi za Kiislamu za zama za kati hapakuwa na hesabu ya aina moja. Zilikuwepo tatu, zikitumiwa na watu tofauti. Wafanyabiashara na makarani wa serikali walihesabu kichwani na kwa vidole, wakaandika matokeo kwa maneno. Pili, kulikuwa na hesabu ya Kihindi, yenye tarakimu hizi tunazozijua na thamani ya nafasi, iliyofanywa juu ya ubao uliomwagiwa vumbi: unaandika, unafuta kwa kidole, unaandika tena. Tatu, wanafalaki walikuwa na hesabu yao ya 60, waliyoirithi kwa Ptolemy, mwanafalaki wa Kigiriki wa kale, ambaye naye aliichukua kutoka Babeli. Hawa waliandika namba kwa herufi za abjadi, kila herufi ikisimama mahali pa namba yake.

Sasa tazama jinsi kila kundi lilivyoshughulikia sehemu. Mfanyabiashara alikuwa na sarafu zake. Dirhamu moja ilikuwa na danik 6, na kila danik ilikuwa na tasuji 4. Bei ya danik 3 na tasuji 2 ni sehemu 7 za 12 za dirhamu. Akitaka kuzidisha bei hiyo kwa ratili kadhaa na robo ya ratili, anaingia kwenye thuluthi ya sudusi, nusu ya thumuni, na kadhalika, kila moja na asili yake. Hata pwani yetu ilipitia hali hiyo: katika Afrika Mashariki ya Kijerumani rupia iligawanywa kwa pesa 64 hadi mwaka 1904, ndipo ikawekwa heller 100. Karani aliyeshika daftari kabla ya mwaka huo angeielewa shida ya mwenzake wa Baghdad bila kuelezwa.

Hesabu ya Kihindi, pamoja na uzuri wake wote, ilikuwa hesabu ya namba nzima. Mamoja, makumi, mamia, maelfu: nafasi ziliongezeka kwenda kushoto bila mwisho. Upande wa kulia ziliishia kwenye mamoja. Sehemu iliandikwa pembeni, kiasi juu na asili chini, kama kitu cha ukoo mwingine kabisa.

Wanafalaki tu ndio waliokuwa na nafasi zinazoendelea kulia. Nyuzi moja ina dakika 60, dakika ina sekunde 60, kisha wao wakaendelea: thawalithi 60, rawabii 60, hadi watakapo. Kwa hiyo karibu kila kitu kinachohitajika kwa desimali kilikuwepo tayari, ila kilikuwa kwenye nyumba mbili. Nyumba moja ilikuwa na tarakimu nyepesi lakini zinazoishia kwenye mamoja. Nyingine ilikuwa na nafasi zisizokoma, lakini kwa msingi wa 60, wenye jedwali la kuzidisha linalokwenda hadi 59 mara 59.

Mtu atauliza, kwa nini wanafalaki hawakuhama wakaenda kwenye 10? Kwa sababu 60 inagawanyika vizuri mno. Inagawanyika kwa 2, 3, 4, 5, 6, 10, 12, 15, 20 na 30. Thuluthi ya saa ni dakika 20 kamili. Jaribu kuiandika thuluthi hiyo kwa desimali uone: 0.333, na haitakwisha hata ukiandika hadi kesho. Mwanafalaki aliyezoea 60 alikuwa na kila sababu ya kuiona 10 kuwa msingi duni, na kwa upande huu alikuwa sahihi. Wanafunzi wako wakijifunza kwamba desimali zina upungufu wake, watakuwa wamejifunza jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita kimya.

Tuje kwa al-Uqlidisi. Kitabu chake kinahusu kuhamisha hesabu ya Kihindi kutoka kwenye ubao wa vumbi kwenda kwenye karatasi na wino, na hilo pekee lingetosha kumpa jina. Ndani yake anachukua 19 na kuigawa nusu mara tano. Anapata 9.5, kisha 4.75, 2.375, 1.1875, na mwisho 0.59375. Haandiki nusu, robo na thumuni. Anaacha tarakimu ziendelee kwenda kulia, na juu ya tarakimu ya mamoja anaweka alama ndogo ili msomaji ajue namba nzima inaishia wapi. Mahali pengine anachukua 135, anaiongezea sehemu yake ya kumi, anarudia mara tano, na kufika 217.41885. Piga mwenyewe uhakikishe.

Lakini kwake hii ilikuwa mbinu iliyojitokeza katika mifano michache. Hakuizidisha desimali kwa desimali, hakuipa jina, wala hakusema kwamba hapa pana mfumo mpya. Nakala moja tu ya kitabu hicho ndiyo inayojulikana, iliyoandikwa mwaka 1157 na kuhifadhiwa Istanbul, na ulimwengu wa leo haukumtambua hadi mtafiti A. S. Saidan alipomwandika katika miaka ya 1960. Katikati ya al-Uqlidisi na al-Kashi yuko pia al-Samaw'al, ambaye mwaka 1172 alitumia wazo hilohilo kukaribia majibu ya kugawanya na ya vipeuo. Kwa hiyo njia ilikuwa imeshakanyagwa kidogo.

Ghiyath al-Din Jamshid al-Kashi alizaliwa Kashan, katika Iran ya leo. Tarehe ya kwanza ya uhakika katika maisha yake ni ya kazi: tarehe 2 Juni 1406 alitazama kupatwa kwa mwezi akiwa mji huohuo. Baadaye aliitwa Samarkand na Ulugh Beg, mjukuu wa Timur, mtawala aliyependa hesabu na nyota kuliko vita. Ulugh Beg alijenga madrasa, kisha akajenga kituo cha kutazama nyota chenye kipimo cha jiwe cha nusukipenyo cha kama mita 40. Barua alizomwandikia baba yake kutoka Samarkand zimehifadhika. Anamsifu mtawala kuwa ni mwanahesabu wa kweli anayeweza kujadili darasani kama mwanachuoni mwingine yeyote, na anaeleza matatizo yaliyowashinda wengine hapo naye akayatatua. Unazisoma unaona mwana anayetaka baba yake ajue kwamba safari haikupotea bure.

Mwaka 1427 alimaliza Miftah al-Hisab, Ufunguo wa Hesabu, akamtunuku Ulugh Beg. Kina sehemu tano: namba nzima, sehemu, hesabu ya wanafalaki, upimaji wa maumbo, na aljebra. Alikiandika kwa ajili ya wanafalaki, wapima ardhi, wajenzi, makarani na wafanyabiashara, wote pamoja. Zingatia hilo, maana ndipo ulipo msukumo wake. Aliona watu wa kazi tofauti wakiteseka kwa hesabu tofauti, akatafuta moja itakayowatosha wote.

Hoja yake ilikuwa hii. Wanafalaki wana nyuzi, dakika, sekunde, thawalithi, kila moja ni sehemu moja ya 60 ya iliyotangulia. Je, kanuni zao za kuzidisha na kugawanya zinategemea 60? Hazitegemei. Zinategemea tu kwamba kila nafasi ni sehemu ileile ya nafasi iliyo kushoto kwake. Basi weka 10 mahali pa 60, na kanuni zote zinabaki zilivyo. Utakuwa na sehemu za kumi, kisha sehemu za kumi za sehemu za kumi, na kuendelea. Aliziita al-kusur al-a'shariya, sehemu za kumi-kumi, na akasema wazi kwamba ni yeye aliyezibuni. Inaelekea hakumjua al-Uqlidisi, na alisema alichoamini.

Kiasi gani cha wazo hilo ni kipya? Fikiria kwamba kwa mara ya kwanza mtu anasema msingi wa namba ni jambo la kuchagua, na kwamba thamani ya nafasi ni kitu kimoja kwenda kushoto na kwenda kulia. Mamoja yanaacha kuwa mwisho wa safari, yanakuwa kituo cha kati. Tarakimu za Kihindi, zilizokuwa za namba nzima tu, sasa zinaweza kuandika urefu wowote, uzito wowote, kipeuo chochote, kwa ukaribu unaotaka. Kwangu mimi, tangu Wahindi walipoipa sifuri nafasi yake kati ya tarakimu, hakuna hatua kubwa kuliko hii katika uandishi wa namba.

Nikuonyeshe ilivyofanya kazi. Zidisha 14 na sehemu 3 za kumi kwa 25 na sehemu 7 za mia. Usahau sehemu kwa muda: una 143 na 2507. Zidisha kama namba nzima, unapata 358,501. Sasa rudi kwenye nafasi. Namba ya kwanza ilishuka nafasi moja chini ya mamoja, ya pili ilishuka mbili. Moja na mbili ni tatu. Basi tarakimu tatu za mwisho ni sehemu, na jibu ni 358 nzima na 501, yaani 358.501. Hiyo ndiyo kanuni unayoifundisha wewe leo, ile ya kuhesabu nafasi za desimali na kuzijumlisha. Wanafalaki walikuwa wakiitumia kwenye dakika na sekunde karne nyingi. Al-Kashi aliileta kwenye tarakimu za kawaida na kueleza kwa nini ni halali.

Nukta hakuwa nayo. Wakati mwingine alitenga namba nzima na sehemu kwa mstari wa wima, wakati mwingine kwa wino wa rangi nyingine, wakati mwingine aliandika jina la nafasi juu ya tarakimu. Mimi siioni hiyo kuwa kasoro ya maana, kwa sababu alama ni jambo la makubaliano. Hata leo Mtanzania huweka nukta mahali ambapo Mrundi au Mkongo aliyesoma kwa Kifaransa huweka mkato, na namba ni ileile.

Lakini kama nina dakika kumi tu darasani za kumzungumzia al-Kashi, nitazitumia kwenye duara. Mwaka 1424 aliandika risala juu ya uwiano wa mzingo wa duara kwa nusukipenyo chake, ambao ni 2 mara pai. Kabla yake Archimedes alitumia pembenyingi yenye pande 96. Katika karne ya 5 Zu Chongzhi wa China alifika tarakimu 7 baada ya nukta. Al-Kashi hakuanza kwa kupiga hesabu. Alianza kwa kuuliza anahitaji usahihi kiasi gani. Akachukua duara kubwa kuliko yote aliyoweza kuifikiria, mzingo wa ulimwengu wenyewe, wenye kipenyo kisichozidi mara 600,000 ya kipenyo cha dunia. Akasema: nataka kosa katika mzingo huo liwe dogo kuliko unene wa unywele wa farasi.

Kutoka hapo alirudi nyuma kutafuta anahitaji pembenyingi ya pande ngapi ndani ya duara na nje yake. Jibu: pande 805,306,368, yaani 3 iliyozidishwa kwa 2, tena na tena, mara 28. Kufika huko kulimaanisha kutafuta kipeuo cha pili cha namba ndefu, kisha cha jibu lake, tena na tena, mara 28, kwa mkono, bila kosa lolote, na huku akijua mapema abaki na nafasi ngapi katika kila hatua ili makosa madogo ya kukata tarakimu yasije kujikusanya. Uhakiki wa namna hii, wa kupanga kosa kabla ya kuanza, ndio unaofundishwa kwa wahandisi leo.

Jibu lake kwa msingi wa 60 lina nafasi tisa za sehemu: 6, 16, 59, 28, 1, 34, 51, 46, 14, 50. Nimejaribu kulipima kwa vipimo vya leo. Kipenyo cha dunia ni kama kilomita 12,742. Zidisha kwa 600,000, chukua nusu, kisha uangalie nafasi ya tisa ya 60 ina uzito gani hapo. Inatoka chini ya nusu milimita. Alilosema kuhusu unywele wa farasi lilikuwa hesabu.

Kisha akafanya jambo linalohusu swali lako moja kwa moja. Akaligeuza jibu lote kuwa desimali: 6 nzima na 2831853071795865. Kusudi lake lilikuwa wale wasiojua hesabu ya wanafalaki nao waweze kulitumia. Gawa kwa mbili upate pai, 3.1415926535897932. Linganisha na kikokotoo chako. Usahihi huo haukupitwa hadi mwaka 1596, Ludolph van Ceulen alipotoa tarakimu 20.

Al-Kashi alifariki tarehe 22 Juni 1429 akiwa Samarkand, kwenye kituo chao cha nyota. Ulugh Beg aliuawa 1449 kwa amri ya mwanawe mwenyewe, na kituo kikaachwa kikawa magofu. Mabaki yake yalichimbuliwa mwaka 1908. Kitabu kiliendelea kunakiliwa kwa mkono. Mnamo miaka ya 1580 mwanafalaki Taqi al-Din wa Istanbul alitumia desimali katika majedwali yake, na kuna maandishi ya hesabu ya Kigiriki ya karne ya 15 yanayosema Waturuki wana njia hii ya kuandika sehemu.

Sasa Stevin. Alizaliwa Bruges, na kijitabu chake, De Thiende, kilichapwa Leiden mwaka 1585. Hakuna ushahidi kwamba aliwahi kumsoma al-Kashi, na ningewaomba wanafunzi wasimwite mwizi. Alama zake zilikuwa nzito: baada ya kila tarakimu aliandika duara lenye namba ya nafasi ndani yake. Nguvu yake ilikuwa mashine ya kuchapa na watu aliowalenga: wapima ardhi, wapima vitambaa, wapima mvinyo, maofisa wa sarafu. Aliwaomba watawala wagawanye fedha na vipimo vyote kwa kumi. Mwanzoni mwa karne ya 17 John Napier wa Scotland alitenga sehemu kwa alama moja tu, na mwandiko tunaoujua ukakaa.

Kitabu chako kimemtaja Stevin kwa sababu kwa muda mrefu wanahistoria wa Ulaya walikuwa hawajayachambua maandishi ya al-Kashi. Aliyelifanya jambo hilo lijulikane ni Mjerumani Paul Luckey, ambaye utafiti wake ulichapishwa 1951. Vitabu vya shule huchelewa kubadilika, na vingi vilinakiliwa kutoka kwa vile vya kabla ya hapo.

Kwa darasa lako, wape 19 waigawe nusu mara tano kwa njia mbili: kundi moja kwa kiasi na asili, jingine kwa desimali. La kwanza litafika 19 juu ya 32 haraka sana, pengine kabla ya wenzao. Kisha waambie makundi yote mawili wajumlishe jibu lao na 217.41885, uone ni lipi litakalotangulia sasa.